Mgonjwa wa Mionzi: Chakula Chake, Vidonge Vyake na Swala Yake



Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, darsa ya leo ilianzia chumbani kwa mama yangu mdogo, hapa hapa Nyamirambo, katika wiki ya nne ya matibabu yake. Alikuwa anatibiwa kwa mionzi kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mimi nililala chini, kwenye godoro karibu na kitanda chake, na usiku mmoja nilimsikia akiamka kwenda msalani mara tano. Asubuhi nilimpelekea uji, akausukuma pembeni. Nikadhani ni kichefuchefu. Siku mbili baadaye ndipo aliponieleza sababu ya kweli, na nitaifikia in shaa Allah. Kwanza nieleze kosa langu, kwa sababu naona wengi wetu tunaweza kulifanya kwa nia njema kabisa.

Kosa langu

Tumbo lilipoanza kumsumbua, katika wiki ya tatu, wageni walianza kuleta dawa. Mmoja alileta mafuta ya habbat sauda, mwingine asali, mwingine unga wa mlonge. Kila mmoja alisema kitu chake "kinasafisha mwili". Mimi nami sikutaka kubaki nyuma. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba mionzi huumiza tumbo kwa kutengeneza sumu mwilini, na kwamba vitu vinavyoitwa antioksidanti huizima sumu hiyo. Nikachukua sehemu kubwa ya pesa yangu ya matumizi ya mwezi, nikanunua vidonge vya vitamini E vyenye nguvu na vingine vya vitamini C.

Mama mdogo aliniuliza, "Mwanangu, daktari atakubali?" Nikamjibu kwa lugha ya mtu anayesoma dini: kujitibu ni katika Sunna, na hivi si dawa kali, ni vitamini tu. Akavimeza kwa sababu ananiamini. Wiki moja baadaye, muuguzi alipomuuliza kama anatumia kitu chochote nyumbani, alinitazama usoni, kisha akasema hapana. Alisema uongo ili kunistahi mimi. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikijiona mdogo sana.

Nilimfuata muuguzi nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniomba nilete chupa zote, kila moja na karatasi yake, na kesho yake daktari akasema vidonge vya vitamini E na C visimame mpaka matibabu yaishe. Asali kijiko kimoja kwenye uji hakuwa na tatizo nayo. Nilitaka kujua kwa nini kimoja kisimame na kingine kiendelee, basi nikakaa na wenzetu wanaosoma udaktari wakanifundisha. Haya ndiyo niliyojifunza.

Mionzi hufanya nini tumboni

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji. Mionzi inapopita mwilini hupasua molekuli za maji na kuzaa chembe zenye pupa kubwa ya kushika chochote kilicho karibu. Wataalamu huziita radikali huru. Chembe hizo huishi muda mfupi mno, lakini zikiwa karibu na vinasaba vya seli huvikata. Kwa mionzi ya X inayotumika hospitalini, takriban theluthi mbili ya uharibifu wa vinasaba hupita kwenye njia hii. Seli ya saratani iliyokatwa hivyo haiwezi tena kuzaana, na hilo ndilo lengo la tiba.

Tatizo ni jirani. Mlango wa kizazi umepakana na utumbo mpana, hasa sehemu yake ya mwisho, na vipande vya utumbo mdogo hushuka hadi hapo. Utando wa ndani wa utumbo mdogo hujifanya upya kila baada ya siku tatu hadi tano, na seli zinazozaana haraka ndizo zinazoumizwa zaidi na mionzi. Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupigwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki tano hivi. Utando unajaribu kujijenga, kesho unapigwa tena. Ndiyo maana kuharisha na tumbo kusokota huanza katika wiki ya pili au ya tatu, na kwa wengi hupungua wiki chache baada ya kumaliza. Wachache hupata madhara yanayochelewa, miezi au miaka baadaye, kama vile kutokwa na damu katika haja kubwa. Hao wasikae kimya. Wana matibabu yao.

Antioksidanti ni nini

Antioksidanti ni kitu kinachozituliza radikali huru kabla hazijaharibu. Mwili hutengeneza baadhi yake wenyewe, na nyingine huzipata katika chakula: vitamini C katika mapera, machungwa na marakuja, vitamini E katika karanga na parachichi, beta-karotini katika karoti, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, madini ya seleniamu katika samaki, mayai na nyama. Sahani ya isombe iliyopikwa kwa karanga, na kipande cha parachichi pembeni, tayari ina sehemu yake.

Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Nilifikiri kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 15 za vitamini E kwa siku. Kidonge kimoja cha yuniti 400, kama nilivyonunua mimi, kina zaidi ya mara kumi ya kiasi hicho. Tena kidonge hakijui seli ipi ni ya mgonjwa na ipi ni ya ugonjwa. Kikiingia kwenye damu kinafika kwenye utumbo, na kinafika kwenye uvimbe pia. Ikiwa mionzi inaiua saratani kwa kutumia radikali huru, na mimi nimeleta kitu cha kuzituliza, je, ninamlinda nani?

Utafiti umeonyesha nini

Swali hilo limepimwa kwa wagonjwa. Huko Québec, Kanada, wagonjwa 540 wenye saratani za kichwa na shingo waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa vitamini E yuniti 400 kwa siku, na mwanzoni beta-karotini pia, wakati wa mionzi na kwa miaka mitatu baadaye. Fungu la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Waliopewa vitamini zote mbili walipata madhara makali machache zaidi wakati wa mionzi. Ungeishia hapo ungesema alhamdulillah, dawa imepatikana. Lakini katika fungu la vitamini saratani ilielekea zaidi kurudi, na katika muda wa kumeza vidonge saratani mpya zilijitokeza zaidi. Wagonjwa walipofuatiliwa zaidi, vifo vilikuwa vingi zaidi katika fungu hilo. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba hatari ya saratani kurudi iliwaangukia hasa waliokuwa wakivuta sigara huku wakipigwa mionzi.

Beta-karotini ilikuwa imeondolewa katikati ya utafiti huo kwa sababu ya habari kutoka kwingine. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, na mwaka 1994 ilitangazwa kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa takriban asilimia 18. Kitu kile kile kilichomo kwenye karoti, kikitolewa kwenye karoti na kukusanywa kwenye kidonge, kilikuwa na mwenendo mwingine.

Uadilifu unanitaka nitaje upande wa pili pia. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha kazi juu ya wanawake 81 wenye saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba, ambao vipimo vya damu vilionyesha wamepungukiwa na seleniamu. Waliopewa seleniamu, asilimia 20.5 waliharisha kwa kiwango cha kusumbua. Wasiopewa, asilimia 44.5. Na mwaka 2001, Marekani, wagonjwa 20 waliokuwa na maumivu ya muda mrefu ya njia ya haja kubwa baada ya mionzi walipewa vitamini E na C, na wengi wao walipata nafuu. Ila utafiti huu wa pili ni mdogo na haukuwa na fungu la kulinganisha.

Tazama tofauti, ndugu msomaji. Wale wa Ujerumani walipimwa damu kwanza, wakajazwa kilichopungua. Wale wa Marekani mionzi yao ilikuwa imeshakwisha, hakukuwa na tiba ya kuharibu. Mama mdogo hakupimwa chochote, na alikuwa katikati ya mionzi. Nilimpa kwa kukisia.

Chakula kinachomfaa

Chakula chenyewe hakijakatazwa. Mgonjwa anayekula mboga na matunda kwa kiasi cha kawaida hafanyi kosa. Zamani wengi waliambiwa waache kabisa vyakula vyenye nyuzinyuzi wakati wa mionzi ya nyonga. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 166, ulionyesha kinyume: waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi tumbo lao lilidhurika kidogo zaidi kuliko waliozuiwa, hata mwaka mmoja baadaye. Bado kila tumbo lina hali yake, na anayeharisha sana huenda akahitaji wali, ndizi mbivu na viazi kwa siku chache. Amuulize mtaalamu wa lishe.

Kuna pia bakteria wanaofaa. Chama cha kimataifa cha wataalamu wanaoshughulikia madhara ya tiba za saratani kimependekeza aina fulani za bakteria wa jamii ya laktobasili kwa ajili ya kuzuia kuharisha kwa wenye saratani za nyonga. Jamii hiyo ya bakteria hupatikana pia katika maziwa yaliyogandishwa, na sisi tuna ikivuguto. Lakini sina ruhusa ya kusema kikombe cha ikivuguto ni sawa na kidonge kilichopimwa. Na wagonjwa wengi wa mlango wa kizazi hupewa pia dawa ya saratani kwa mshipa kila wiki, ambayo inaweza kushusha kinga ya mwili. Mgonjwa kama huyo asinywe maziwa mabichi, na hata yaliyogandishwa anunue yale yaliyochemshwa viwandani, baada ya kumuuliza daktari wake.

Yaliyobaki ni mepesi: ale kidogo kidogo mara nyingi, apunguze mafuta mengi na pilipili, anywe maji ya kutosha, na akiharisha anywe maji yenye chumvi na sukari maalumu yanayouzwa famasi kwa bei nafuu. Akiona damu, homa, kizunguzungu, au akishindwa kushika hata maji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dini yetu imesema nini juu ya kipimo

Nilipokuwa natetea vidonge vyangu nilitaja Sunna. Basi turudi kwenye Sunna yenyewe. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha mtu aliyemjia Mtume (s.a.w.) kulalamikia tumbo la ndugu yake. Mtume (s.a.w.) akamwagiza amnyweshe asali. Akarudi kusema haijasaidia, akaagizwa tena, na tena, mpaka ndugu yule akapona. Wengi hukisoma kisa hiki kama ruhusa ya kumnywesha asali kila anayeharisha. Imam Ibn al-Qayyim, katika sehemu ya tiba ya kitabu chake Zad al-Ma'ad, alikisoma kwa uangalifu zaidi. Alieleza kwamba maradhi ya mtu yule yalikuwa ya namna fulani iliyohitaji kusafishwa, na kwamba kurudiwa kwa asali kunafundisha kuwa dawa ina kipimo chake kulingana na maradhi: ikipungua haitoshi, ikizidi hudhoofisha. Huyu ni mwanachuoni aliyefariki mwaka 1350, na maneno yake yangenitosha kabla sijaenda famasi.

Ndivyo ilivyo kwa habbat sauda. Hadithi yake ni sahihi, nasi tunaiamini. Lakini al-Khattabi na wengine walieleza kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi, yaani haina maana kila mgonjwa, kwa kila kiasi, wakati wowote. Kuiamini Hadithi ni jambo moja, na kuiweka mahali pake ni jambo jingine.

Kuna Hadithi nyingine tusiyoisoma mara nyingi, iliyopokelewa na Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah. Maana yake ni kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kuwa ana elimu hiyo, atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Mimi nilikuwa nimejitia. Nilitumia elimu ya dini kufunga mdomo wa mgonjwa aliyekuwa ameuliza swali sahihi.

Alichohitaji kutoka kwangu

Sasa niseme ile sababu ya uji. Mama mdogo hakukataa kula kwa kichefuchefu. Aliniambia, kwa aibu, kwamba alikuwa anapunguza kula na kunywa tangu asubuhi ili tumbo liwe tupu, asije akatokwa na kitu akiwa katika swala. Mara mbili ilikuwa imemtokea katika rakaa ya tatu. Alidhani swala zake zote zimebatilika, na hakutaka kumuuliza sheikh mambo kama hayo. Mgonjwa anayehitaji chakula kuliko wakati wowote wa maisha yake alikuwa anajinyima ili alinde udhu.

Ndugu zangu, mimi nasoma fiqhi. Nilikuwa nimempelekea vidonge nisivyovijua, na elimu niliyo nayo nikaiacha begani na mkoba wangu.

Nilimweleza, baada ya kuhakikisha kwa mwalimu wangu, kama ifuatavyo. Ikiwa ndani ya wakati wa swala anapata kipindi cha utulivu kinachotosha udhu na swala, basi aswali katika kipindi hicho, hata kama ni mwisho wa wakati. Ikiwa hapati, yeye ni mwenye udhuru. Wakati ukiingia atajisafisha, atavaa pedi au kitambaa safi, atatawadha na kuswali bila kuchelewa, na kitakachomtoka bila hiari katika swala hakiharibu swala hiyo. Atatawadha upya kwa kila swala ya faradhi. Akiwa amechoka ataswali amekaa. Na kuhusu kukusanya swala mbili kwa ajili ya ugonjwa, kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi hairuhusu, lakini Imam Nawawi ameiona kauli ya kuruhusu kuwa na nguvu, na madhehebu ya Hanbali yanaruhusu. Basi amuulize mwanachuoni wake. Sheria haikumtaka ashinde na njaa. Hata funga ya Ramadhani mgonjwa ameruhusiwa kuiacha na kuilipa baadaye, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 185.

Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe." Akaomba uji. Siku ile alikunywa vikombe viwili.

Tumeneemeshwa, tusiharibu

Tukumbuke pia tulikotoka. Hapa Rwanda, kwa miaka mingi, aliyehitaji mionzi alivuka mpaka kwenda Uganda au Kenya, au kusafirishwa India. Mwaka 2016 mashine pekee ya Uganda, pale Mulago, iliyokuwepo tangu 1995, iliharibika moja kwa moja. Kituo cha Butaro kilichofunguliwa mwaka 2012 kilileta matibabu mengi ya saratani, lakini wakati huo hakikuwa na mionzi. Kituo cha saratani katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, chenye mashine za mionzi, kilizinduliwa rasmi Februari 2020. Leo mtu wa Nyamirambo anaweza kwenda kupigwa mionzi na kurudi kulala nyumbani. Na kwa dada zetu wadogo, nchi yetu ilianza mwaka 2011 kutoa chanjo ya virusi vinavyosababisha saratani hii, ikiwa ya kwanza Afrika kuifanya kwa nchi nzima. Neema kama hii haishukuriwi kwa kumficha daktari chupa chini ya mto.

Mama mdogo amemaliza. Tumbo lilitulia taratibu, wiki ya nne hivi baada ya kumaliza, na anaendelea kwenda kliniki kupimwa. Tunamuombea.

Ukimtembelea mgonjwa wa mionzi, nenda na mambo matatu. Muulize anakula nini na anatumia nini, kisha mhimize amwambie daktari yote. Ukipeleka zawadi, peleka chakula cha kawaida au nauli, acha vidonge. Na muulize kwa upole swala zake zinaendaje, maana huenda anateseka kimya kwa jambo ambalo wewe unalijua.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Kwa nini vitamini iliyomo kwenye chakula haiwi sawa na ile ile iliyokusanywa kwenye kidonge?
2. Taja tofauti mbili kati ya wagonjwa wa utafiti wa Ujerumani na mgonjwa aliyetajwa katika darsa hii.
3. Ni wakati gani mgonjwa anayeharisha huhesabiwa kuwa mwenye udhuru, na atawadhe vipi?
4. Je, ni halali kutumia jina la Sunna kumshawishi mtu atumie dawa usiyoijua? Toa sababu.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, awalipe kheri wanaowauguza, na atufanye wenye kusema tunachokijua na kuuliza tusichokijua. Aamin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.